Mkono Uliosema Ngoja

Katika studio ya shangazi yangu, kioo kinafanya kazi nyingi kuliko kamera. Kipo karibu na mlango, kirefu kama mtu, na chini yake kuna rafu ndogo yenye kitana kilichofungwa uzi ili kisitembee, kopo la poda, chupa ya mafuta ya kujipaka, pini za nywele, na tai mbili kwa ajili ya wanaume waliosahau za kwao. Mteja anajipanga hapo mpaka aridhike. Kisha anakaa kwenye stuli, shangazi anainama nyuma ya kamera, na anasubiri. Hahesabu moja, mbili, tatu. Hamwambii mtu atabasamu. Anasubiri mpaka mteja mwenyewe aseme, "Tayari." Asiposema, shangazi habonyezi, hata foleni ifike barabarani.

Nikiwa mtoto nilimwona akimsubiri mzee mmoja aliyekuwa amefiwa na mkewe wiki hiyo. Mzee alitaka picha za kitambulisho tu. Alikaa pale, akafungua mdomo, akaufunga, akatazama kiatu chake, na shangazi alibaki ameinama vilevile mpaka nikaona mgongo wake utakatika. Wateja wawili walichoka wakaondoka. Mzee alipotoka nilimuuliza shangazi kwa nini hakubonyeza tu, maana uso ulikuwapo muda wote. Alinijibu huku akijinyoosha kiuno kwamba uso ni wa mwenyewe, yeye ana mashine tu.

Nilipokua nilikwenda chuo kusomea upigaji picha, na huko tulifundishwa mambo mengine. Mwalimu wetu alisema picha ya kweli ni ile inayomkuta mtu kabla hajajipanga. Akishajua unampiga, umeshamkosa. Mimi ni mtu wa haya. Naweza kuzunguka duka zima nikitafuta chumvi badala ya kumuuliza muuzaji iko wapi. Kwa hiyo somo lile lilinikaa vizuri kama kiatu kilichozoea mguu. Lilinipa ruhusa ya kupiga picha bila kuomba ruhusa. Nilirudi nyumbani na cheti na maringo kidogo, nikaanza kumsaidia shangazi, na moyoni nilimwona kama fundi wa zamani asiyejua sanaa.

Mwaka huo wakimbizi waliletwa mjini kwetu. Waliwekwa katika shule ya msingi iliyofungwa miaka mingi, nyuma ya kiwanda cha matofali, familia nne au tano katika kila darasa. Mwenyekiti wa kamati ya kuwasaidia alikuwa muuguzi mstaafu. Ndiye aliyenidunga sindano zote za utotoni, na mpaka leo akikushika mkono unadhani anatafuta mshipa. Alikuja studio akasema watu wamechoka kuchangishwa kila siku, lakini mtu akipewa kitu cha kutundika ukutani atatoa bila kunung'unika. Alitaka nipige picha za wale watu, tuzichapishe, tuziuze katika ukumbi wa maktaba, na pesa zinunue magodoro. Watu walikuwa wanalala kwenye saruji na mvua zilikuwa zimekaribia. Nilikubali haraka. Ilikuwa kazi ya kusaidia ambayo haikunitaka niseme kitu.

Nilikwenda pale shuleni alasiri nne. Nilizoea zaidi Darasa la Tano B, ambako madawati yalikuwa yamepangwa ukutani kama makabati na jedwali la mara saba bado lilikuwa limeandikwa ubaoni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Humo aliishi mwanamke ambaye wote walimwita Fundi. Huko alikotoka alikuwa na duka la kushonea lenye vyerehani viwili. Alikimbia na binti yake wa miaka sita, mkasi, na sindano tatu zilizochomekwa kwenye kola. Darasa zima lilimletea nguo zilizochanika, na yeye hakuhitaji futi ya kupimia. Alikutazama mara moja akajua kiuno chako.

Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Aliyekushonea suruali hii," akaniuliza, "mlikuwa na ugomvi?"

Darasa zima likacheka na mimi nikacheka, na tangu hapo nikawa natafuta kisingizio cha kukaa karibu naye. Alikuwa akinisimulia habari za wateja wake wa zamani, wale wanaonenepa katikati ya kushonewa halafu wanamlaumu fundi. Hakuwahi kunisimulia safari yao. Sikumuuliza.

Siku ya tatu aliniambia kwamba hata yeye anataka picha, lakini si leo. Kuna pazia lilikuwa limeletwa kwenye mzigo wa nguo za msaada, la manjano lenye majani, na alikuwa analigeuza kuwa gauni. Bado mikono. Na nywele zake alikuwa hajasuka. Nije kesho, saa kumi, atakuwa tayari. Nikamwambia sawa, dada.

Kesho yake nilifika saa tisa.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na bomba, na Fundi alikuwa amechuchumaa hapo, anamwosha binti yake ndani ya pipa lililokatwa nusu. Alikuwa amevaa shimizi iliyokatika ukanda mmoja. Nusu ya nywele zake ilikuwa imesukwa na nusu imesimama wima. Mtoto alionekana kichwa tu, uso mzima povu, amefumba macho kwa nguvu. Jua lilikuwa linapita katikati ya miti ya uani na kila tone la maji lilikuwa linawaka. Nikainua kamera. Fundi akahisi mtu, akageuka, akainua mkono, kiganja mbele, akasema, "Ngoja."

Nilibonyeza mkono ukiwa hewani.

Baadaye nilijaribu kujiambia kwamba kidole kilitangulia sikio. Si kweli. Nilisikia neno, nikaelewa, nikabonyeza.

Hakukasirika sana. Alivuta shimizi begani na kunikemea kama anavyokemewa mdogo wa mtu. "Wewe, nimesema ngoja. Hiyo futa."

"Nitafuta, dada."

Saa kumi alitoka ndani. Gauni lilikuwa na kola, mikono mifupi iliyokunjwa, na vifungo sita ambavyo kila kimoja kilikuwa na rangi yake, lakini alikuwa amevipanga kuanzia cheupe hadi cheusi, ungedhani ni makusudi ya duka kubwa. Binti alikuwa na utepe wa pazia hilohilo kichwani. Kwa kuwa kioo hakikuwepo, Fundi alijitazama kwenye kidirisha cha darasa, akalainisha nyusi kwa mate, akakaa juu ya dawati na kumvuta mtoto ubavuni. Hakuwa amewahi kumwona shangazi yangu wala kusikia habari zake. Alinyoosha shingo akasema, "Haya. Tayari."

Nikapiga. Akataka kuiona. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akatazama kile kioo kidogo kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Hii hata uiuze nchi za mbali, nimekubali."

Wiki hiyo shangazi alikuwa amesafiri kwenda kumtunza binti yake aliyejifungua, kwa hiyo nilibaki peke yangu na kompyuta na printa. Mwenyekiti alikuja tuchague picha kumi na mbili. Alivuta kiti karibu, akavaa miwani, nikawa nampitishia moja baada ya nyingine. Ile ya bomba sikuwa nimeifuta. Kila usiku nilijiambia nitaifuta kesho, na kila kesho niliifungua kwanza niitazame. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga maishani.

Mwenyekiti alipoiona aliinua mkono nisimame hapo. Akavua miwani akaifuta. "Maskini mama wa watu," akasema. "Hii ndiyo."

Nilimwambia kwamba Fundi mwenyewe amechagua nyingine, nikamwonyesha ile ya gauni. Aliitazama kwa haki, nisimsingizie. Alisema ni nzuri, gauni limempendeza na mtoto ni mzuri. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini hapa hafanani na mkimbizi, mwanangu. Nani atamnunulia godoro mtu aliyevaa vizuri kuliko yeye?" Akarudi kwenye ile ya bomba, akagusa ule mkono kwenye kioo cha kompyuta. "Tazama mkono huu. Anaomba." Akachukua kalamu, na kwenye orodha yetu, mbele ya namba saba, akaandika: Ombi.

Nilijua mkono ule ulikuwa unasema nini. Nilikuwa mtu pekee duniani, ukimwacha mwenyewe, aliyejua. Ningeweza kusema kwa neno moja, tena fupi. Badala yake nilimuuliza kama tuichapishe kwa karatasi inayong'aa au isiyong'aa.

Watu wananisamehe mambo mengi kwa kuwa ni mpole. Wanasema huyu ana haya. Lakini haya ni kushindwa kusema habari zako. Nilichokifanya siku ile kina jina jingine, na nimeogopa kulitafuta.

Mauzo yalifanyika Jumamosi asubuhi. Ombi niliichapisha kubwa, upana wa mikono miwili, tukaitundika katikati ya ukuta wa mbele. Picha zote zilikuwa na nakala ndogo ndani ya bahasha za kaki, mtu akilipa anaondoka na yake. Nilikaa mezani na orodha. Kufikia saa tano, nakala kumi na tisa za Ombi zilikuwa zimekwenda; hakuna picha nyingine iliyozidi sita. Watu walikuwa wananipa mkono. Mama mmoja alinikumbatia akaniambia nina jicho. Nilisema asante, nikaendelea kuandika majina ya wanunuzi.

Shangazi alifika akitokea stendi, begi bado begani, kitambaa cha mjukuu kimejitokeza kwenye zipu. Hakunisalimia kwanza. Alipita picha moja moja, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Mbele ya namba saba alisimama. Kisha akaja mezani, akainama karibu na sikio langu.

"Huyu hakusema tayari."

Nikamwambia huo ni mtindo, shangazi, ndivyo picha zinavyopigwa siku hizi.

"Mtindo wa nani? Wake au wako?"

Mlango ulifunguliwa na wakimbizi wakaingia. Sikujua kwamba wamealikwa. Kamati ilikuwa imetuma gari dogo la mizigo kuchukua watu wanane waje washukuru, na mbele yao wote alikuwa Fundi. Amevaa gauni la manjano. Nywele zimesukwa zote, mistari imenyooka. Mtandio mweupe mabegani, mtoto mkononi na utepe wake. Wanawake aliokuja nao walikuwa wanamtania, na nilimsikia akiwaambia waache kelele, picha yake wataijua kwa gauni.

Nilimtazama akiitafuta. Alianza ukuta wa kushoto. Alikuwa anatafuta rangi ya manjano, macho yanaruka kutoka fremu hadi fremu bila kutua. Alifika katikati akaipita namba saba. Alijipita mwenyewe. Alifika mwisho wa ukuta wa kulia, akasimama, akageuka akiwa bado na tabasamu, akidhani ameruka mahali.

Mtoto ndiye aliyeona. "Mama, ni wewe yule pale," akasema. "Hujamaliza nywele."

Fundi alirudi taratibu. Aliitazama picha, kisha akasoma kwa sauti kikaratasi cha jina kilichobandikwa chini yake, "Ombi," kama mtu anayesoma bei asiyoiamini. Nilitamani apige kelele. Nilitamani aje mezani anizabe kofi mbele ya watu ili jambo liwe limekwisha. Hakufanya hivyo. Aligeuka, akaipa picha mgongo, akafungua mtandio wake, akashika pembe mbili na kuinua mikono pande zote, akaifunika fremu kwa mtandio na kwa mwili wake. Akabaki hivyo.

Watu hawakuelewa. Wengine walidhani ni sehemu ya ratiba, wakatabasamu, wakasubiri labda ataimba. Kijana mwenye shati la mistari alitoa simu. Fundi aliachia pembe moja ya mtandio akainua mkono, kiganja mbele, mkono uleule, na yule akapiga picha. Niliona kidole chake. Sikuwa na uso wa kumkasirikia.

Mwenyekiti alinishika mkono, akitafuta mshipa, akaninong'oneza niende nikaongee naye kwa upole, maana mimi ananifahamu. Nikaenda. Sijui nilifikaje. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Siku ile nilikwambia nini?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza vipimo.

"Ngoja."

"Na nini tena?"

"Nifute."

"Ukasema?"

"Nikasema nitafuta, dada."

"Basi leo nangoja mimi," akasema. "Mpaka ufute."

Mwenyekiti alikuwa amekuja nyuma yangu. Aliongea naye vizuri, kwa lugha ya hospitali, akamweleza kwamba picha hii ndiyo inayoleta magodoro, kwamba watu wameguswa, kwamba hakuna anayemcheka. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia godoro analitaka, mama, mgongo unamuuma kuliko anavyoweza kueleza. "Lakini mimi sikuomba," akasema. "Nilikuwa namwambia huyu angoje nivae."

Mwenyekiti alinitazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba nilijua tangu siku ile ya kompyuta, tangu kalamu yake ilipoandika. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa uchovu, "Wewe ndiye mpiga picha. Amua."

Nilikuwa sijawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya kumi, na hata hao walikuwa ndugu. Nilipanda kwenye kijukwaa cha mbele ya ukumbi, kiatu changu kikagonga kopo la maua, maji yakamwagika. Nilichosema kilikuwa kifupi. Nilisema jina la picha namba saba si Ombi. Nilisema mama huyu alikuwa ananiambia ningoje, na nilimsikia, na sikungoja, na niliahidi kuifuta nikaiuza. Nilisema haiuzwi tena, na walioichukua nawaomba wanirudishie. Kisha nikasimama pale bila kujua watu hushukaje jukwaani.

Mtu mmoja aliuliza kama pesa zitarudishwa, mwingine akacheka kidogo. Yule mama aliyenikumbatia alikuwa anatazama sakafu. Nilikwenda kuishusha fremu, na kwa kuwa ilikuwa nzito, shangazi alishika upande wa pili. Fundi alikunja mtandio wake, akautandaza tena mabegani, akatupisha. Tulipokuwa tunaipitisha nilimwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba naweza kwenda sasa hivi kuchapisha ile ya gauni, niilete.

"Leo sitaki kuonwa na mtu," akasema.

Alitoka akakaa kwenye gari la mizigo, peke yake, mgongo umenyooka, mpaka wenzake walipomaliza.

Ningependa kusema mambo yalikaa sawa baada ya hapo. Magodoro yaliyonunuliwa hayakutosha. Darasa la Tano B walipata ya watoto tu. Watu wazima walibaki kwenye saruji, na Fundi pamoja nao. Mvua za kwanza ziliponyesha, niliambiwa na Mwenyekiti kwamba wanawake wa darasa lile walimsema. Walisema wamelala chini kwa ajili ya nywele za mtu. Kwa hiyo nilimkosea mara mbili, na mara ya pili ilikuwa katika kujaribu kurekebisha. Niliichapisha ile picha ya gauni, nikaitia kwenye bahasha, nikampa Mwenyekiti ampelekee. Ilirudi na bahasha yake, gundi haijafunguliwa.

Shangazi hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alichukua orodha ya wanunuzi, akaisoma, akanipa, akaniambia nianze na walio karibu. Nilibisha hodi kwenye milango kumi na tisa. Mimi, ninayeogopa kumuuliza muuzaji chumvi. Wengine walinirudishia bila neno, na hao ndio walioniumiza zaidi. Mwalimu mmoja alinipa chai na kuniambia nisijitese. Mwanamume mmoja alisema amenunua, ni yake, na kama nina mawazo ya kwenda polisi njia ninaijua. Mama mmoja alikuwa ameshaituma kwa dada yake nchi nyingine. Na daktari wa meno alikuwa ameitundika katika chumba cha kusubiria. Alisema inawatuliza wagonjwa. Wakimwona mwenye shida zaidi wanasahau jino. Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya tatu alinitumia mhudumu wake.

Nakala kumi na sita, pamoja na ile kubwa ya ukutani, nilizikatakata kwa mkasi wa studio. Faili ya kwenye kompyuta sikuifuta. Safari hii haikuwa tamaa. Fundi alisema anangoja mpaka nifute, na niliona ni haki aone.

Ilipita miezi mitano. Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi kwenye lenzi, nikasikia mlango, na kwenye kioo nikamwona yeye kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni jingine, la bluu, la kushonwa vizuri. Alishtuka aliponiona. Hakuwa amekuja kwangu. Alikuwa amepata kazi katika duka la ushonaji mtaa wa pili, wanataka picha mbili za kitambulisho, na ameelekezwa studio ya karibu. Nilidhani atageuka. Aliitazama ile rafu, kitana, poda, zile tai.

Shangazi alinyanyuka kwenye kiti chake. "Mteja wako," akaniambia, akatoka kwenda kukaa kibarazani.

Fundi alisimama mbele ya kioo. Alianza kupanga kola, bila haraka. Aliniongelesha kupitia kioo.

"Zimebaki ngapi huko nje?"

"Tatu, dada."

"Ziko wapi?"

Nikamwambia. Ya yule bwana, ya nchi nyingine, ya daktari wa meno.

"Wapi kwa daktari wa meno?"

"Chumba cha kusubiria."

Akachukua kitana, akakivuta mpaka uzi ukaisha. "Kwa hiyo wenye meno mabovu wote wa mji huu," akasema, "wananijua kwa shimizi." Mdomo wake ulicheza upande mmoja. Sikujua kama nicheke. Sikucheka.

Nikamwambia ile yenyewe bado ipo kwenye kompyuta, nilimwekea aone ikifutwa. Nikaifungua. Hakuitazama kwa muda mrefu. Nikamwonyesha pa kubonyeza, na kompyuta ikauliza kama ana hakika, kama zinavyouliza. Alibonyeza kwa kidole cha shahada, kile chenye alama za sindano. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe.

"Basi," akasema, kama anayekata uzi.

Ile bahasha yake yenye picha ya gauni nilikuwa nimeiweka kwenye rafu, kati ya poda na pini. Aliiona. Nilimwona akiiona. Hakuigusa.

Akakaa kwenye stuli, akapanga mikono mapajani. Nikainama nyuma ya kamera. Uso wake ulikuwa katikati ya lenzi, umetulia, macho yananitazama moja kwa moja, nuru imekaa sawa kwenye paji. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakusema kitu.

Kibarazani mtu aliuliza kama kuna foleni. Nilimsikia shangazi akimwambia akae, kuna kazi.

Fundi aliendelea kunitazama. Gari lilipita. Jasho lilinishuka ubavuni. Niliondoa kidole kwenye kitufe kabisa, nikaweka mkono juu ya goti. Mgongo ukaanza kuniuma, nikangoja.